Mtepe tuliuacha uoze. Je, na Peugeot?

Nje ya gereji moja mjini Malindi, chini ya mwarobaini, pana Peugeot 504 ile ndefu, ya safu tatu za viti. Matairi hayapo, milango miwili haipo, na kuku wamefanya kiti cha nyuma kiota chao. Wiki mbili zilizopita nilimwuliza mwenye nayo bei, nikitaraji aniambie gari zima kiasi gani. Akanijibu kwamba chuma chakavu hakiuzwi hivyo, huuzwa kwa kilo.

Kwa kilo! Neno hilo limenikaa rohoni, na ndilo lililonishikisha kalamu. Gari linalopimwa leo kwenye mizani kama misumari ya kutu ndilo lililotutoa Malindi likatufikisha Mombasa na kuturudisha. Lilichukua maharusi na wagonjwa, lilichukua watoto wa madrasa, na lilipakia waliokuwa wakienda kuwaaga mahujaji. Nitasema mapema, ili msomaji asiyependa maneno haya aende ukurasa wa michezo: naiona Peugeot ya abiria ya barabara hii kuwa ni urithi wa Pwani, kama ulivyo mlango wa nakshi na lilivyo jahazi, na ni wajibu wetu kuihifadhi japo moja kabla zote hazijakatwa kwa gesi.

Tuliotamka Pijo tulikuwa wengi kuliko waliolitamka jina hilo Kifaransa, wala hapana ubaya. Gari lenyewe lilionyeshwa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka uliofuata likachaguliwa gari la mwaka la Ulaya. Umbo lake ni la Waitaliano wa Pininfarina, na nastaajabu kuwa Malindi, mji wenye Waitaliano tele na vyakula vyao, hauna mtu anayejisifia jambo hilo. Zitazame taa zake za mbele. Si duara wala si mraba, bali zimekatwa mshazari, kama macho yaliyotiwa wanja. Sijaona gari jingine la abiria lenye sura ya kike kama hii, nami nimeyatazama mengi.

Lakini wenye magari hawakununua macho. Siri ilikuwa chini. Ile ndefu ilitengenezwa kwa mzigo: nyuma ilikuwa na ekseli ngumu juu ya springi nne, mbili kila upande, hivyo ilipoingia shimoni ilizama taratibu ikainuka, bila ya kumtupa mtu darini. Wafaransa wenyewe waliiita Familiale, yaani ya familia, na walihesabu watu saba au wanane. Hiyo ni hesabu ya kiwandani. Hesabu ya steji ilikuwa nyingine kabisa, na aliyewahi kusafiri amekaa na paja moja hewani anaijua. Juu ya keria palikuwa na matenga ya maembe, magunia ya korosho, kitanda cha bibi harusi, na mara nyingine mbuzi aliyefungwa miguu, akitazama Takaungu inavyopita.

Na kama mtu alitilia shaka uimara wake, Safari Rally ilimjibu. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 na yakamaliza 7 tu, na la kwanza lilikuwa Peugeot 404, mtangulizi wa 504, likiendeshwa na Nick Nowicki pamoja na Paddy Cliff. Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania, akashinda na 404 mwaka 1966, akarudia mwaka 1967. Mwaka 1968 Nowicki akashinda tena, na mara hii katika magari 93 yalimaliza 7 vile vile. Kisha ikaja zamu ya 504: Ove Andersson wa Sweden mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas wa Ufaransa mwaka 1978, japo lake lilikuwa la milango miwili, si letu la keria. Mwenye duka aliyetaka kuingia katika biashara ya abiria hakuhitaji tangazo jingine. Gari lililopita matope ya rally lingeshindwa vipi na barabara ya Kilifi?

Naam, Kilifi. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kilomita 120 hivi, na kabla ya mwaka 1991 safari hiyo ilikatwa katikati na maji. Daraja la Kilifi halijafunguliwa, gari lilishuka upande wa Mnarani likasimama kwenye foleni kungoja feri. Hapo taniboi alifungua milango, abiria wakateremka kunyoosha miguu. Wauza korosho walikuja mbio, na wa madafu, na wa mahamri. Mtu aliyekaa kimya tangu Mtwapa, sasa kwa kuwa amesimama juani pamoja na wenzake, aliuliza, "Mwenzangu watoka wapi?" Ikawa ndio mwanzo. Mbajuni wa Faza akajua habari za Mgiriama wa Kaloleni, mama wa Mambrui akampa mtoto wa Kihindi kipande cha muhogo, na mzee mwenye kanzu akaulizwa mas-ala ya talaka na mtu ambaye hatamwona tena.

Nakumbuka zaidi Ramadhani. Dereva alikuwa na haraka ya kuwahi futari nyumbani, lakini feri haikuwa na haraka na mtu. Magharibi ilipoingia, na gari bado liko kwenye foleni, tende zilitoka mifukoni, chupa ya maji ikazunguka, na anayejua kusalisha akatangulizwa mbele pale pale penye nyasi. Asiyekuwa Mwislamu alishika viatu vya wenziwe visiibiwe. Watu saba wasiojuana wakifika Malindi walikuwa wanajuana majina, na aliyeshuka wa kwanza aliaga wote mmoja mmoja. Ndiyo sababu nasema Wafaransa walilipa gari hilo jina la kweli bila ya kutujua.

Nisieleweke vibaya. Siililii feri. Daraja lililojengwa kwa mkopo wa Japani limeokoa roho nyingi, na mwenye mke aliyeshikwa na uchungu usiku upande usio na hospitali hawezi kusikiliza porojo zangu za korosho. Wala sisemi madereva wa Peugeot walikuwa malaika. Dereva mwenye adabu hakuondoka steji kabla ya kusoma dua ya safari, abiria wakaitikia amin. Lakini wapo waliosoma dua kisha wakakanyaga mafuta kama kwamba dua ile ni ruhusa. Tumezika watu kwa ajili ya haraka hiyo. Kuhifadhi kitu si kukitakasa.

Miaka ya 1990 zikatawala Nissan za watu 14, na hesabu ikawa rahisi: safari moja, nauli mara mbili. Peugeot zikarudi vijijini kubeba mkaa na nazi, kisha zikaingia migongoni mwa gereji. Cha ajabu ni kwamba 504 iliendelea kuunganishwa hapa Kenya hata baada ya mwaka 2000, hali saluni yake ilikwisha kuachwa Ufaransa tangu 1983. Sisi tulikuwa miongoni mwa wa mwisho kuiacha, na sasa tunakuwa wa kwanza kuisahau.

Atatokea mtu aseme: gari ni chuma, na kuweka chuma kibovu ni israfu, pesa hizo zipelekwe madrasa. Namheshimu, na nakubali kwamba madrasa itangulie. Lakini namwuliza habari za mtepe. Chombo kile cha Lamu na Pate kilishonwa kwa kamba za nazi bila ya msumari mmoja, kikapewa tanga la mkeka, kikachukua boriti kwenda bandari za mbali. Kilikuwa kitu cha kila siku, hata hapana aliyeona haja ya kukiweka. Katika miaka ya 1930 mitepe ya mwisho ikaisha, na leo anayetaka kuuona aende makumbusho ya Lamu akatazame mfano mdogo. Zanzibar ilipotaka mtepe mzima ndani ya Beit al-Ajaib ilibidi uundwe upya, kwa kuokoteza picha na kumbukumbu za wazee; na Desemba 2020 sehemu ya jengo lenyewe ikaporomoka. Hapo gharama yake ni kubwa kuliko kulinunua gari moja kwa kilo.

Tena tazama tunavyochagua. Pale Malindi, juu ya mwamba, nguzo ya Vasco da Gama imepakwa chokaa na inalindwa, mgeni hulipa kuiona. Mreno yule alitua hapa mwaka 1498 akaondoka zake. Sisemi ibomolewe, ni historia. Lakini gari lililotupeleka Maulidi miaka nenda miaka rudi halina hata picha ukutani. Nairobi wenzetu wana mashindano ya magari yaliyotunzwa, Concours d'Elegance, tangu mwaka 1970, na tangu 2003 kuna rally maalumu ya magari ya zamani ambayo mara kadhaa imefika Pwani. Huko Peugeot husafishwa hata mpira wa tairi uking'aa. Ni sawa, ila hayo ni magari ya matajiri. Yetu ilikuwa ya umma.

Pendekezo langu si kubwa. Magofu ya Mnarani, yenye msikiti wa kale, yako juu ya kilima, na chini yake ndipo feri ilipokuwa ikitia nanga. Ni mali ya Makumbusho ya Taifa tayari. Iwekwe pale 504 moja ndefu, kwenye banda la makuti, ikitazama maji na daraja. Keria yake iwe na tenga na gunia. Wazee waliokuwa madereva na mataniboi watafutwe, wengi wangali hai kati ya Mtwapa na Mambrui, wasimulie na kurekodiwa. Mafundi wetu wa gereji wataitengeneza. Hao wanaijua injini ile kwa kusikiliza tu. Na kama yuko mwenye gari atakayetaka kulitoa kwa njia ya wakfu, masheikh waulizwe namna yake.

Siku hizi barabara za Malindi zimejaa tuktuk. Nyingine ni Piaggio, za ukoo wa kigari kilichobuniwa Italia mwaka 1948 kikaitwa Ape, maana yake nyuki, na mtu akisikia mlio wake hahitaji kufasiriwa. Vijana wanazipamba kwa taa na maandishi. Nimewashauri wawili watatu wapige picha na kuziweka. Wamenicheka.

Juzi nilirudi kwa yule bwana wa gereji. Nimemwomba asiipeleke mizanini mpaka baada ya Idi, nipate kuzungumza na watu. Amekubali, kwa sharti kwamba kuku wasisumbuliwe.