Kuzama Siyo Kutopea

Mwezi huu Bwana Shamba haleti habari ya mbolea wala ya michikichi. Naleta maneno mawili, kwa sababu moja liliniponza.

Sisi wa Kigoma na Ujiji neno "kuzama" tunalijua tangu utoto. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 hivi. Katika dunia nzima ni Ziwa Baikal tu, kule Urusi, linalolipita kwa kina. Kitu kikizama humo hatutegemei kukiona tena. Meli ya Liemba ilikuwa na bahati. Zamani iliitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mahali Mto Malagarasi unapoingia ziwani, ili isitekwe na adui. Kwanza waliipaka mitambo yake grisi. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kusafiri tena kwa jina la Liemba.

Kutoka majini neno hilo likapanda nchi kavu. Mtu akishika kazi kwa moyo wote, hasikii akiitwa, wala hakumbuki chakula, tunasema amezama katika kazi. Ni kama maji yamemfunika, sauti za nje hazimfikii. Lakini yaangalie maneno "katika kazi". Usiyaache. Ukimwambia mke wa mvuvi pale Kibirizi, "Nimemwacha mumeo amezama," kisha ukanyamaza, utasikia kilio kabla hujafunga mdomo.

Jirani yake ni "kutopea". Hili limetokana na tope. Aliyetopea ameingia topeni. Akivuta mguu mmoja, wa pili unazidi kushuka. Ndiyo maana mara nyingi husemwa kwamba fulani ametopea katika ulevi, au katika madeni.

Mimi nilisahau hilo. Kikundi kimoja cha akina mama wanaoanika dagaa kiliniomba nikiandikie barua ya kuomba mkopo, wanunue wavu na miti ya vichanja. Dagaa wa chini huchanganyika na mchanga, na mnunuzi hushusha bei. Wa kwenye kichanja hupata hewa juu na chini, hukauka upesi. Basi nikaandika kwa madaha: "Akina mama hawa wametopea katika biashara ya dagaa." Nilidhani nimewasifu.

Kabla sijafunga bahasha, mama mmoja, aliyeanza kusoma akiwa tayari na wajukuu, aliomba aione barua. Aliweka kidole chini ya kila neno. Alipofika hapo akasimama.

"Bwana Shamba," akasema, "tumekukosea nini? Mwenye fedha atasoma kwamba tumekwama."

Nilicheka, halafu nikaona nacheka peke yangu. Nikatoa karatasi nyingine. Safari hii yeye alisema, mimi nikaandika: "Tumezama katika kazi hii kwa miaka sita." Wakatia sahihi wote, kidau cha wino wa dole gumba kikabaki mfukoni mwangu.

Majibu yalichukua miezi miwili. Vichanja vilisimama kabla ya mvua. Mwezi ujao narudi kwenye michikichi.