Upepo Haupigi Hodi



Mimi ni mtu wa genge la reli, na kwetu ni Nyamira. Siku ile nilikuwa kazini, mbali na nyumbani, habari iliponifikia jioni: paa la nyumba ya mama limekwenda. Mabati yalikutwa ng'ambo ya mto, yamekunjwa kama karatasi. Mahindi yalilala chini, na majani ya chai yalichanwa na mvua ya mawe. Lakini nyumba ya jirani, hatua chache tu kutoka hapo, haikupoteza hata bati moja.

Basi wengine wakaanza kuuliza, ni nani aliyeutuma upepo ule? Ndugu zangu, tusitafute mchawi. Mchana upepo wa Ziwa Victoria hupanda milima yetu ya Kisii na Nyamira, ukakutana na upepo wa mashariki. Hewa ya joto yenye unyevu hupaa kwa nguvu, na alasiri wingu hutupa radi, mawe na upepo mkali. Pengine upepo huo huzunguka, ukawa chamchela. Hakuna ajuaye utapita boma gani. Hata Marekani, wenye mitambo mingi ya kutazama mawingu, onyo la chamchela kubwa huja dakika chache tu kabla.

Lakini kutojua siku si sababu ya kukaa bure.

Kwanza, nyumba zetu. Nilipofika nilitazama kuta za mama. Kenchi ziliwekwa tu juu ya ukuta, hazikufungwa. Sisi wa genge twajua kwamba reli haikai juu ya mataruma kwa uzito wake peke yake, lazima ishikwe. Paa ni vivyo hivyo. Mwambie fundi afunge kenchi kwa waya mnene unaoingia ndani ya ukuta, wala asibane misumari. Mikaratusi mirefu nayo isisimame karibu na nyumba.

Pili, shule za watoto wetu. Tarehe 28 Juni 1911 si siku ninayoitaja, bali 28 Juni 2011: siku hiyo radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao katika shule ya Runyanya, Uganda. Kila shule ya milimani iwekewe kinga ya radi. Tuulize jambo hili katika mikutano ya wazazi, na tusinyamaze mpaka tujibiwe.

Tatu, chama chetu. Niliomba ruhusa ya siku tatu nikaezeke. Mkubwa wangu akajibu kwamba ruhusa ya dharura ni ya kifo tu. Je, mama mzee akilala nje kwenye mvua, tungoje kifo ndipo turuhusiwe? Walioezeka ni majirani, kwa desturi yetu ya risaga, ambayo watu husaidiana kazi boma kwa boma bila malipo. Ikiwa wakulima wasio na mshahara waweza, sisi wenye mshahara twashindwaje?

Nataka viongozi wapeleke madai mawili: ruhusa ya dharura kwa mwanachama aliyebomolewa nyumba, na mfuko mdogo wa mabati tutakaochangia sote kila mwezi. Leo ni kwangu, kesho ni kwako.

Umoja ni nguvu.

Mwanachama wa genge