Acheni kumtupa paka porini kwa sababu anaharisha

Ndugu mfugaji, na wewe mwenye duka la nafaka, ng'ombe akiharisha unanipigia simu alfajiri. Paka anayelinda magunia yako dhidi ya panya anaharisha mwezi mzima, unampa maziwa "apate nguvu", akishindwa unamtupa porini. Maziwa hayo mara nyingi ndiyo yanayomwendesha! Paka wengi wakubwa hawawezi kumeng'enya sukari iliyomo. Mpe maji safi.

Kibaya zaidi ni Panadol. Nimesema na nitaendelea kusema: ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo, na kidonge kimoja kinatosha kumuua. Wala usimkadirie kwa jicho dawa ya minyoo ya mbuzi.

Kwa siku chache mchemshie kuku au samaki, toa mifupa, usitie chumvi wala kitunguu, mpe kidogo kidogo mara nne kwa siku. Mchuzi wenu wa viungo, hapana. Dawa ya minyoo iwe ya paka na ifuate uzito wake. Mpime kwa mizani ya duka, kama haijachezewa. Andika siku anazoharisha.

Ikifika wiki tatu, leta kinyesi kibichi kwenye kopo safi kipimwe. Kikiwa na damu, au ukivuta ngozi ya shingo ikachelewa kurudi, usisubiri: mlete siku hiyo hiyo. Na mama mjamzito asizoe kinyesi cha paka. Baba, hiyo kazi ni yako.