Kichwa cha Papa Kinapamba Nini?

Mwenzangu mmoja alisema darasani, na wengi wakacheka naye, kwamba mchoraji wa maua ni mtu aliyeshindwa kuchora watu. Nilikataa siku ile na ninakataa tena hapa.

Tulikuwa tumeonyeshwa picha ya Antoine Berjon, mchoraji wa Lyon, Ufaransa, aliyezaliwa 1754 na kufariki 1843. Usiyemjua usione haya. Hata mimi nilikuwa simjui. Ni picha ya rangi za mafuta ya mwaka 1819, na leo imo katika jumba la makumbusho ya sanaa la Philadelphia, Marekani. Ndani yake hamna mtu. Mna maua, makombe ya baharini, visukuku na kichwa cha papa.

Dharau ile mwenzangu ameiazima. Katika karne ya 17, André Félibien aliwapanga wachoraji kwa ngazi: juu kabisa anayechora visa vikubwa vya watu, chini kabisa anayechora matunda, maua na makombe. Ngazi hiyo iliwafaa wafalme waliopenda kuchorwa vitani. Sisi inatufaa nini?

Lyon ulikuwa mji wa hariri. Huko ua lilifumwa, likauzwa, likalisha watu. Berjon mwenyewe alianza kwa kuchora nakshi za hariri, na tangu 1810 hadi 1823 alifundisha uchoraji wa maua katika shule ya sanaa ya mji huo. (Mama yangu anauza vitenge hapa Bujumbura. Mteja huchagua ua kwanza, bei baadaye.)

Watanijibu: basi hiyo ni kazi ya kiwanda, si sanaa. Haya, ni tajiri gani wa hariri angeagiza kitambaa chenye kichwa cha papa? Itazameni picha vizuri. Ua litanyauka kesho kutwa. Papa amebaki kichwa. Kombe limeachwa na mnyama wake. Kisukuku kimelala ardhini tangu kabla ya binadamu. Hivyo ni vifo vinne, kila kimoja na muda wake, vimewekwa pamoja bila jenerali hata mmoja kuanguka kutoka kwenye farasi.

Anayesema hayo ni mapambo tu, aje aniambie kichwa kile kinapamba nini.