Boda Bila Mpaka

Jina la boda boda lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha wasafiri. Asili yake ni neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Leo jina limefika Nyansiongo, Nyamira, kwenye mashamba ya majani chai. Mpaka ndio uliosahauliwa. Sheria ya Kenya yaruhusu abiria mmoja tu, lakini mara ngapi twaona watatu? Mwendeshaji akikamatwa kwa mwendo wa hatari, kosa la kwanza laweza kumtia gerezani miaka miwili au kumtoza shilingi 100,000. Na aadhibiwe, roho za watu ni amana. Lakini, ndugu msomaji, yule abiria aliyesema "songeni, tutatosha" ili apunguziwe nauli, naye tumwiteje? Kosa la wanne asibebeshwe mmoja.