Sauti Inapoingia Nyumbani

Ndugu msomaji, Jumapili iliyopita nilikwenda Temeke kumjulia hali binamu yangu. Nilimkuta ukumbini na wanawe watatu, kila mmoja ameinamia simu yake, nyumba imezizima utadhani pana msiba. Binti mkubwa alikuwa akimtazama mwimbaji mmoja maarufu akiisifu dawa ya kupunguza unene. Binamu yangu akaniuliza, “Kaka, wewe ni mtu wa magazeti. Hivi hawa wanaozungumza humu wanaweza kweli kumbadili mtu, au ni porojo tu?”

Nilimjibu haraka haraka kwamba wanaweza. Nikiwa ndani ya basi kurudi nyumbani, nikatambua kuwa nimempa nusu ya jibu. Nusu iliyobaki naiandika leo.

Wasomaji wenye umri mkubwa watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao 2,000,000 walishiriki katika vikundi vya kusikiliza redio, chini ya miembe na katika madarasa. Kipindi kilipokwisha, redio ilizimwa. Hapo ndipo kazi ilipoanza: kitabu kikasomwa, watu wakabishana, kisha wakapanga choo kichimbwe wapi na nani alete jembe. Redio yenyewe haikuchimba hata shimo moja.

Likaja jambo zito kuliko vyoo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi ugonjwa huo ulitajwa kwa kunong’ona. Katika ukoo wetu tulimzika kijana mmoja mwaka 1988. Watu walipouliza, tulisema ni kifua. Nami nilisema ni kifua, ingawa nilijua. Mjane wake hakuambiwa neno lolote la kumsaidia, na hilo halijanitoka moyoni hadi leo.

Mwaka uliofuata, 1989, mwanamuziki Philly Lutaaya wa Uganda, aliyekuwa akiishi Sweden, alirejea kwao na kutangaza hadharani kwamba ana UKIMWI. Wapo waliomcheka na kusema anatafuta soko la santuri zake. Yeye akaendelea kwenda mashuleni na makanisani, mwili ukinyauka mbele ya macho ya watu, hata akafariki Desemba mwaka huo huo. Mtu aliyezoeleka kwa nyimbo za furaha alikubali kuonekana akiwa amekonda. Baada ya hapo mzazi wa Kampala aliweza kuanza mazungumzo na mwanawe kwa kumtaja Lutaaya, bila kulazimika kuanza na jirani au ndugu.

Huku kwetu mlango huo ulifunguliwa na mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, na ndani yake alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, ambaye hatimaye aliambukizwa. Mkewe, Tunu, hakukaa kulia, alimwacha akajitegemea. Mtaani kwetu jina la Mkwaju liligeuka kuwa onyo. Mke aliyeshindwa kumwuliza mumewe alikolala aliweza kusema tu, “Mkwaju amerudi,” na mume akaelewa.

Hadi mwaka 1995 mtambo wa Dodoma haukurusha mchezo huo, ili watafiti wapate kulinganisha. Ilionekana kwamba uliposikika, watu wengi zaidi walianza uzazi wa mpango na wengi walipunguza idadi ya wapenzi. Lakini ndugu msomaji, tazama njia yenyewe: watafiti hao waliona kwamba mchezo ulifanya kazi hasa pale mke na mume, au marafiki, walipouzungumza baada ya kuusikia. Hali kadhalika, Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete na mkewe, Mama Salma, walipopima damu hadharani, wanaume wengi waliona kwa mara ya kwanza mtu na mkewe wakiketi pamoja kwa shughuli hiyo. Udhuru wa kwamba jambo hilo ni la wanawake wajawazito ukapungua nguvu.

Nguvu hiyo haichagui upande. Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500 kwa mchungaji mstaafu. Viongozi na wabunge nao walikwenda, na sisi wa magazeti tukachapa picha zao wakinywa. Mgonjwa aliyeziona angewezaje kushuku? Baadhi waliacha dawa walizopewa hospitali. Katika nyumba ngapi mtu aliuliza, “Daktari wako amesemaje?” Wengi tulikuwa tukiulizana nauli.

Juzi binamu yangu alinipigia simu. Binti yake amekwisha nunua chupa mbili za ile dawa. Mama mtu ameziona kabatini, hajauliza neno. Anaogopa kuonekana mshamba. Nimemwomba asizitupe. Jumapili hii nakwenda tena Temeke, tuketi na binti huyo, tusome pamoja kilichoandikwa kwenye chupa.