Umekunywa pombe? Kidonge cha ARV usikiruke

UCHAMBUZI | KAMPALA

Mwezi Februari 2025 Wizara ya Afya ya Uganda iliagiza kliniki maalumu za VVU ziunganishwe na huduma nyingine za hospitali na vituo vya afya. Agizo lilikuja wiki chache baada ya Marekani, mfadhili mkubwa wa matibabu ya VVU nchini, kusimamisha misaada yake ya nje. ARV bado zinatolewa bure katika vituo vya serikali, na mkimbizi ana haki ya kuzipata kama raia. Lakini katika foleni ya pamoja, muda wa kukaa na mshauri unaweza kuwa mfupi. Anayeumia zaidi ni yule mwenye swali gumu kuuliza mbele ya watu, kama hili: nikinywa pombe, nifanye nini na dawa?

Wengi wameshapata jibu mtaani: "Pombe na dawa havichanganywi." Maneno haya yanasemwa kwa nia njema, ili mtu aache kunywa. Matokeo yake mara nyingi ni tofauti. Jioni ya Ijumaa, mtu anayetaka kunywa anaamua kuacha kidonge, siyo bia. Mwingine anangoja pombe iishe mwilini kwanza, na Jumamosi na Jumapili zinapita bila dawa. Tafiti zilizofanywa Marekani na Afrika zimeonyesha jambo hilihili: watu wanaoamini kwamba mchanganyiko huo ni sumu huruka dozi kwa makusudi. Kwa hiyo pombe inavuruga matibabu kwa njia mbili. Ya kwanza ni kusahau, ya pili ni kuogopa.

Hofu hiyo haina msingi kwa dawa inayotumiwa na watu wazima wengi Uganda leo. Ni kidonge kimoja kwa siku chenye dolutegravir, lamivudine na tenofovir. Pombe haiui nguvu ya kidonge hiki, wala kukimeza baada ya kunywa hakukigeuzi kuwa sumu. Pombe inaharibu mambo mengine: ini, usingizi, kumbukumbu, na pesa ya chakula na ya nauli ya kwenda kliniki. Lakini dozi zikirukwa mara kwa mara, virusi vinaongezeka na vinaweza kujenga usugu. Tena mtu ambaye virusi vyake vimeshuka hadi havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Akiacha dawa, kinga hiyo inapotea.

Kuna tahadhari mbili za kweli. Kama unameza isoniazid ya kuzuia kifua kikuu, pombe inaongeza hatari ya kuumia ini, na ni lazima mhudumu ajue. Kama una homa ya ini aina ya B, tenofovir na lamivudine zinaidhibiti pia, na kuziacha ghafla kunaweza kuamsha ugonjwa huo.

Saa ya kumeza nayo ina maana. Watu walioanza dawa zamani walipewa efavirenz, iliyoleta kizunguzungu, wakaambiwa wameze wakati wa kulala. Uganda ilianza kuhamia dolutegravir mwaka 2018, lakini desturi ya usiku imebaki kwa wengi. Usiku ndio wakati wa pombe. Dolutegravir inaweza kumezwa asubuhi, ukiwa umekula au hujala. Kwa anayekunywa jioni, kuhamia asubuhi kunaweza kuokoa dozi nyingi.

Kwa nini basi mazungumzo haya hayafanyiki? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Mbarara cha Sayansi na Teknolojia na wenzao wa Marekani walipima damu ya watu wanaoishi na VVU, wakakuta pombe kwa baadhi ya waliosema hawanywi. Watu huficha kwa sababu wanaogopa kugombezwa. Kwa mkimbizi kuna ugumu zaidi: mkalimani anaweza kuwa jirani, au mtu mnayesali naye kanisa moja.

Isitoshe, maisha ya mjini yanasukuma watu kwenye pombe. Mkimbizi wa Kampala anatarajiwa kujitegemea, bila mgao wa chakula unaotolewa kambini. Kazi ni za kubahatisha, kumbukumbu za vita haziishi, na waragi ni rahisi. Viroba vilipigwa marufuku mwaka 2019, lakini chupa ndogo za plastiki ziko kila kona. Kumlaumu mnywaji hakujawahi kumrudisha kliniki.

Mambo ya kushika:

• Meza kidonge kila siku, hata kama umekunywa.
• Ukisahau, meza mara unapokumbuka. Kama saa ya kidonge kinachofuata imekaribia sana, subiri hicho. Usimeze viwili pamoja.
• Mwambie mhudumu ukweli kuhusu pombe, na uliza kama unaweza kumeza asubuhi. Una haki ya kuomba mkalimani mwingine.
• Kupunguza pombe, hata kidogo, kunasaidia. Lakini anayekunywa sana kila siku asiache ghafla peke yake: kutetemeka na kifafa vinaweza kumpata. Hospitali ya Butabika ina kitengo cha waathirika wa pombe. Anzia kituo cha afya kilicho karibu uombe rufaa.

Kwa wahudumu na viongozi wa jumuiya, kuna neno moja la kubadilisha. Badala ya "usichanganye", semeni "usiruke". Anayekunywa akiambiwa achague, pombe inaweza kushinda. Akiambiwa ameze hata hivyo, atabaki kwenye matibabu, na suala la pombe litaendelea kuzungumzwa naye akiwa kliniki.